Pendo, Upendo na Mapenzi: Maana na Matumizi

Utangulizi

Katika mafunzo ya Kiswahili husikika mara kwa mara kanuni moja fupi: upendo ni wa moyo, mapenzi ni ya mwili. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, mama humwonyesha mwanawe upendo, waumini hupendana kwa upendo, na neno mapenzi huachiwa mwanamume na mwanamke wanaotakana. Mwanafunzi aandikapo juu ya mapenzi ya mzazi kwa mtoto, sentensi yake hupigiwa mstari mwekundu, na pambizoni huandikwa upendo. Kanuni hii ina faida ya kuwa nyepesi kukumbukwa. Hata hivyo, wepesi wa kanuni si ushahidi wa ukweli wake.

Makala haya yanakusudia kuchunguza maneno pendo, upendo na mapenzi pamoja na maneno mengine yatokanayo na kitenzi -penda. Hoja itakayotetewa ni kwamba tofauti baina ya upendo na mapenzi ni ya kweli, lakini si tofauti ya roho na mwili. Ni tofauti ya umbo kwanza, kisha ya ujirani wa maneno, na mwishowe ya mitindo ya matumizi iliyokua katika kanisa, shule, siasa na nyimbo. Asiyeitenga mitindo hiyo na maana yenyewe ya neno huwafundisha wanafunzi kukosoa Kiswahili kilicho sahihi. Lililo zito zaidi ni kwamba huwafunza kusoma vibaya maandishi ya waliowatangulia.

Maana za Kitenzi -penda

Uchunguzi wa nomino hauna budi kuanzia kwenye kitenzi kilichozizaa. Kitenzi -penda kina angalau maana tatu ambazo mzungumzaji huzitumia kila siku pasipo kuzichanganya.

Maana ya kwanza ni ile ya kuwa na moyo wa kuvutwa na mtu au kitu: Anampenda nduguye, Anapenda wali wa nazi. Ni vyema kutambua kwamba Kiswahili hakikuweka kitenzi kimoja kwa ajili ya watu na kingine kwa ajili ya vyakula. Kiwango cha hisia huonyeshwa na maneno yafuatayo kitenzi, kama vile sana, mno au kwa dhati, na kwa kiasi kikubwa huonyeshwa na yule apendwaye. Hakuna msikilizaji adhaniaye kwamba apendaye wali na apendaye nduguye wana hali moja ya moyo.

Maana ya pili ni ya kutaka au kuridhia. Msemaji katika hadhara husema, Napenda kuchukua nafasi hii kuwashukuru wageni wetu. Hazungumzii hisia ya furaha aipatayo katika kuchukua nafasi, bali anatangaza nia yake kwa adabu. Mwenye kuuliza swali husema, Ningependa kujua, na kiambishi -nge- huongeza upole wa ombi. Maana hiyo hiyo imo katika semi ukipenda, upende usipende, apendavyo na Mungu akipenda. Katika semi hizi zote -penda hukaribiana na -taka, ila -taka huweza kusikika kama madai, ilhali -penda humwachia asikiaye heshima yake. Mgeni aambiwaye Unataka chai? na yule aambiwaye Utapenda chai? wameulizwa jambo moja kwa adabu mbili.

Maana ya tatu ni ya mazoea au mwelekeo. Husemwa kwamba mtu fulani anapenda kuchelewa, wala haimaanishwi kwamba huona raha katika kuchelewa. Husemwa pia kwamba maradhi fulani hupenda kuwapata watoto. Maradhi hayana moyo. Kinachoelezwa hapo ni mkondo wa mambo, yaani upande ambao jambo huelekea mara nyingi.

Maana hizi tatu zina kitovu kimoja, nacho ni kuelekea. Apendaye mtu, moyo wake umemwelekea. Apendaye jambo litendeke, nia yake imelielekea. Kipendacho kutokea, mwenendo wake umeelekea huko. Kwa hiyo ingefaa kusema kwamba -penda hutaja uteuzi wa moyo: miongoni mwa watu, vitu au matendo mengi, moyo umechagua upande mmoja.

Mafungamano haya ya kupenda na kutaka hayako katika Kiswahili peke yake. Katika Kikuyu kitenzi kwenda hutumika kwa kupenda na kwa kutaka, na kutokana nacho zimepatikana nomino mbili: wendo, lenye maana ya upendo, na wendi, lenye maana ya utashi au matakwa. Katika Kiganda nako okwagala ni kupenda na ni kutaka pia. Haidaiwi hapa kwamba vitenzi hivi vina asili moja na -penda. Linaloonyeshwa ni kwamba kuiweka hisia na nia katika kitenzi kimoja ni jambo la kawaida katika lugha zilizo jirani. Jozi ya wendo na wendi itahitajika tena hapa chini.

Vinyambuo vya Kitenzi

Vinyambuo vya -penda vinathibitisha kwamba wazo la uteuzi halijatoweka. Kupendelea ni kumpa mmoja nafasi kuliko wengine. Nomino upendeleo imekuwa jina la lawama katika ofisi, shule na siasa, kwa kuwa huko moyo hautakiwi kuchagua. Inatakiwa kanuni ichague. Kupendekeza ni kuliweka jambo mbele ya watu ili walipende, yaani walichague, ndipo likapatikana neno pendekezo katika mikutano na kamati. Kujipendekeza ni mtu kujiweka mbele ili achaguliwe pasipo kustahili, na kwa hiyo likawa jina la tabia ya kujikomba kwa wakubwa. Kupendeza nako ni kuwa na sifa ya kuuvuta moyo wa mtazamaji.

Kinyambuo cha kujirejea kinahitaji uangalifu wa pekee. Mfasiri anayeshika maana ya juu juu angedhani kwamba kujipenda ni kuwa mbinafsi. Kwa kweli, mara nyingi mtu asemwapo kwamba anajipenda, anasifiwa: ni nadhifu, huoga, huvaa vizuri na huutunza mwili wake. Mbinafsi hutajwa kwa maneno mengine. Hapa -penda inakaribiana na kutunza, na maana hii ya kutunza ni sehemu ya kupenda katika fikra za wasemaji wengi. Mzazi asiyemtunza mwanawe hawezi kudai kwa ulimi tu kwamba anampenda.

Kupendana ni kinyambuo cha kutendeana, na kutokana nacho kuna nomino mapendano. Neno hili hutaja hali ya majirani, ndugu au marafiki kuishi kwa wema. Kiambishi ma- kimo, na wala hakuna asikiaye mapendano akafikiria ngono. Jambo hili dogo ni onyo la kwanza dhidi ya kanuni iliyotajwa mwanzoni, kwani laiti ma- ingekuwa na uzito wa mwili, mapendano nayo yangeubeba.

Umbo la Nomino

Mzizi -pend- huzaa nomino kwa njia mbili kuu. Njia ya kwanza ni ya kiishio -o, na njia ya pili ni ya kiishio -i.

Kiishio -o huacha konsonanti ya mwisho ya mzizi bila kubadilika: tenda huzaa tendo, linda huzaa lindo, na penda huzaa pendo. Aghalabu nomino za namna hii hutaja tendo lenyewe likiwa kitu kimoja, au zao la tendo, kama pigo, wazo na neno. Pendo, basi, ni kupenda kukiwa kumeshikika kama kitu kimoja kinachoweza kutajwa, kutolewa na kupokewa. Kikiongezwa kiambishi u- cha hali, hupatikana upendo, yaani hali au sifa ya kuwa na pendo. Ndiyo sababu upendo hukaa kwa urahisi katika orodha ya sifa njema pamoja na uaminifu, ukarimu na uvumilivu.

Kiishio -i, kwa upande mwingine, hubadilisha konsonanti inayokitangulia. Kwa hiyo pika huzaa mpishi, lewa huzaa mlevi, linda huzaa mlinzi, na penda huzaa mpenzi. Mabadiliko ya nd kuwa nz katika mpenzi, kipenzi, penzi na mapenzi ni ya kifonolojia tu, nayo hufuata utaratibu ule ule wa mlinzi na ulinzi. Hakuna dalili yoyote kwamba sauti z ilileta maana mpya ya mwili.

Kinachohitaji kuelezwa ni kazi ya ma- pamoja na -i. Katika ngeli hii kuna nomino nyingi zinazotaja utendaji wa jambo kama linavyoonekana likitendeka, pamoja na namna zake: malezi, mapishi, matumizi, mavazi, mazishi, matembezi. Malinganisho yenye mafunzo zaidi ni yale ya jozi. Upishi ni kazi au ujuzi wa mpishi. Mapishi ni yale yanayopikwa na jinsi yanavyopikwa. Ulezi ni dhamana ya mlezi. Malezi ni yale anayotendewa mtoto siku kwa siku, mema au mabaya. Katika jozi hizi u- hutaja hali, wadhifa au sifa, na ma- hutaja utendaji wenye wingi wa matukio ndani yake.

Kwa kipimo hicho, upendo ni kupenda kukitazamwa kama sifa aliyo nayo mtu, na mapenzi ni kupenda kukitazamwa kama jambo linalotendeka na kuonekana kati ya apendaye na apendwaye. Upendo waweza kukaa kifuani bila kuonekana, mapenzi huonekana. Ndiyo sababu methali haikusema kwamba upendo ni kikohozi, bali ilisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Umbo la neno na fikra ya methali vinakubaliana.

Maana ya Neno kwa Wenziwe

Wanaisimu wa karne ya 20, hasa J. R. Firth (1890–1960), walisisitiza kwamba sehemu ya maana ya neno hupatikana katika maneno yanayozoea kufuatana nalo. Kwa neno mapenzi ushauri huu una manufaa makubwa, kwa sababu maana yake hubadilika kufuatana na kiunganishi na nomino inayokifuata.

Tazama mafungu haya matatu: mapenzi ya Mungu, mapenzi ya nchi, mapenzi ya mama. Kwa umbo yanafanana kabisa. Katika mapenzi ya Mungu, Mungu ndiye mwenye kupenda, na kinachotajwa ni nia yake au amri yake; mfiwa asemaye kwamba kifo ni mapenzi ya Mungu hasemi lolote kuhusu hisia, bali anaikubali hukumu. Katika mapenzi ya nchi, nchi si mtendaji. Ndiyo ipendwayo, na mwenye kupenda ni mwananchi. Katika mapenzi ya mama, njia zote mbili ni wazi: huenda mama anapenda, huenda anapendwa. Utata huo huondolewa na kwa: mapenzi ya mama kwa mwanawe. Vivyo hivyo mapenzi ya Mungu na mapenzi kwa Mungu ni mambo mawili, la kwanza likishuka kutoka juu kama nia, na la pili likipanda kutoka kwa mja kama ibada. Waislamu wa pwani wanapotaja mapenzi ya Mtume wakikusudia mapenzi waliyo nayo kwake, mafungamano ya maneno na ya jamii yanatosha kuonyesha maana, wala hakuna msikilizaji atiaye shaka.

Nomino za watu nazo zinashuhudia hivyo hivyo. Mpenzi akiwa peke yake, mpenzi wake fulani, siku hizi hueleweka kuwa ni mchumba au mwenzi wa mahaba. Lakini barua kwa mzazi huweza kuanza kwa Baba mpenzi au Mama mpenzi, mtangazaji huwasalimu wapenzi wasikilizaji, na katika viwanja kuna wapenzi wa kandanda. Mpenzi wa vitabu si mzinifu wa vitabu. Mpendwa, ambalo ni umbo la kutendwa, limezoeleka zaidi katika salamu za barua, katika kuwataja marehemu na katika makusanyiko ya waumini. Kipenzi nalo lina ki- ya kudekeza, nalo hutaja yule aliyeteuliwa miongoni mwa wengi: kipenzi cha bibi, kipenzi cha watu. Katika maneno yote haya wazo la uteuzi bado lipo, na aina ya hisia huamuliwa na uhusiano wa wahusika.

Ushahidi wa Biblia

Kwa kuwa kanuni ya roho na mwili mara nyingi huegemezwa kwenye matumizi ya kanisa, inafaa matumizi hayo yatazamwe yenyewe. Tafsiri ya Biblia iliyoenea zaidi miongoni mwa Waprotestanti wa Afrika Mashariki ni Union Version ya 1952. Katika tafsiri hiyo upendo na pendo ndiyo maneno ya kawaida kwa pendo la Mungu na kwa wema wa waumini baina yao. Hadi hapo kanuni inaonekana kupata nguvu.

Lakini katika tafsiri hiyo hiyo, Sala ya Bwana hutumia mapenzi kwa maana ya nia ya Mungu. Ikiwa mapenzi kwa asili yake ni neno la mwili, watafsiri wasingeliweka katika sala inayosemwa na watoto na wazee kila siku. Aidha, katika Wimbo Ulio Bora, kitabu ambacho kwa maneno yake ya wazi ni cha mahaba ya mwanamume na mwanamke, maneno yote mawili yanatumika: mapenzi katika sura ya pili, na upendo katika sura ya nane. Wapendanao ni wale wale. Basi hata katika maandishi yanayotajwa kuwa chanzo cha kanuni, kanuni yenyewe haikufuatwa.

Ushahidi huu unaelekeza kwenye maelezo mengine yenye nguvu zaidi. Fungu mapenzi ya Mungu lilikuwa tayari na kazi ya kutaja nia ya Mungu. Mfasiri aliyetaka kutaja pendo la Mungu kwa watu asingeweza kulitumia fungu hilo hilo bila kuleta utata katika mafundisho: msikilizaji angeuliza kama anaambiwa Mungu ametaka au Mungu amependa. Upendo na pendo vilikuwa karibu, navyo havikuwa na maana ya nia. Kwa njia hii yaelekea mgawanyo wa maneno katika lugha ya kanisa haukutokana na uchafu wa mapenzi, bali ulitokana na ukaribu wake mno na utashi. Kikuyu kilikuwa na mgawanyo wa namna iyo hiyo kwa wendo na wendi. Hapo napo ni -o kwa pendo na -i kwa nia, wala mwili haumo kabisa katika hesabu hiyo.

Ushahidi wa Fasihi na wa Maneno ya Kiarabu

Shaaban Robert (1909–1962), ambaye maadili ndiyo roho ya maandishi yake, aliupa utungo wake mmoja jina la Mapenzi Bora. Hakuona haja ya kulikimbia neno mapenzi alipotaka kulitukuza jambo lenyewe. Kivumishi bora kinakaa nalo bila kugombana. Iwapo mwanafunzi amefundishwa kwamba mapenzi ni tamaa, atakifungua kitabu hicho akitarajia mambo mengine kabisa, au atadhani mshairi mkuu wa lugha hii alikosea katika kuchagua jina.

Methali nazo hazitofautishi. Isemwapo ukipenda boga, penda na ua lake, fundisho huwahusu wakwe, watoto wa kambo na marafiki sawasawa na wachumba. Na isemwapo akipenda, chongo huita kengeza, anayekosolewa ni kila aliyepofushwa na moyo wake, awe mzazi anayemtetea mwana mkorofi au mfuasi anayemtetea kiongozi wake. Upofu wa kupenda ni mmoja, ingawa wapendwa ni mbalimbali.

Maneno yaliyotoka Kiarabu yanatoa funzo la namna nyingine. Kiswahili kilipokea mahaba na huba, yote mawili kutoka mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kupenda, pamoja na muhibu na mahabubu. Kilipokea pia ashiki, lenye ukali zaidi, na shauku, ambalo hufaa kwa kila kitamaniwacho, hata masomo. Katika Kiswahili cha leo mahaba ndilo neno lililozama zaidi katika mambo ya mwanamume na mwanamke. Lakini neno lililolizaa, mahabba, ndilo Wakristo wasemao Kiarabu hulitumia wanenapo kwamba Mungu ni upendo. Neno moja limefika mbinguni katika lugha moja na limebaki chumbani katika lugha nyingine. Kama maana ya kiroho au ya kimwili ingekuwa imo ndani ya neno lenyewe, jambo hili lisingewezekana.

Hali kadhalika katika barua za kale za pwani, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, neno muhibu lilikuwa sehemu ya kawaida ya anwani na salamu. Mfanyabiashara alimwandikia mfanyabiashara mwenziwe kwa neno hilo, kisha akaendelea na habari za mizigo na madeni. Msomaji wa leo aliyezoea kuyaona maneno ya huba katika nyimbo za taarabu tu anaweza kuzisoma barua hizo na kudhania siri ambayo haikuwapo. Hasara ya kanuni mbovu, basi, si ya darasani peke yake; hufika hadi kwenye makumbusho ya nyaraka na kumpotosha mwanahistoria.

Kusinyaa kwa Maana

Pamoja na haya yote, haitakuwa haki kudai kwamba kanuni ya roho na mwili ilizuka pasipo chochote. Ni kweli kwamba katika matumizi ya sasa, kijana aambiwapo yuko katika mapenzi, hakuna afikiriaye mama yake. Maana ya neno imekuwa ikisinyaa kuelekea upande mmoja, na sababu za kusinyaa huko zinaweza kutajwa.

Sababu ya kwanza ni tasfida. Jambo la faragha halitajwi kwa jina lake, hivyo huazimwa neno safi la kulisitiri. Neno safi likitumika hivyo kwa muda mrefu, hulowa maana ya kile linachokisitiri. Fungu kufanya mapenzi, ambalo limetafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, limeenea katika magazeti na hadithi, nalo limelisukuma neno mapenzi upande huo kwa nguvu. Ilhali mapenzi, kwa mazoea ya lugha, huonyeshwa, hutiwa, huingia na huisha. Hayakuwa kitu cha kufanywa.

Sababu ya pili ni nyimbo na hadithi za kupumbaza, ambazo mada yake kuu ni wachumba. Neno litumikalo mara elfu kwa wachumba na mara moja kwa mzazi litadhaniwa kuwa mali ya wachumba. Hata penzi, umoja ambao zamani ulipatikana zaidi katika ushairi, umepata uhai mpya katika nyimbo hizo.

Sababu ya tatu ni lugha ya siasa na shule. Nchini Kenya, katika utawala wa Rais Daniel arap Moi, kuanzia 1978 hadi 2002, wito wa Nyayo ulikuwa Amani, Upendo na Umoja. Katika miaka hiyo neno upendo lilitamkwa kwenye mikutano ya hadhara, likaandikwa na kukaririwa shuleni. Likapata sauti ya wajibu wa raia. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa, na hivyo kanuni fupi fupi za kutenganisha maneno zikapata soko kubwa kuliko awali. Upendo likawa neno la jukwaani na mimbarini, mapenzi likawa neno la redioni na barabarani. Tofauti hiyo ni ya mahali na hadhira. Wasemaji wameihisi kwa usahihi, lakini wameipa jina lisilo lake.

Mapendekezo

Kutokana na uchunguzi huu mambo matatu yanaweza kupendekezwa.

Kwanza, katika kamusi. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 iliweka maneno mengi chini ya kitenzi kilichoyazaa, hivyo aliyetafuta neno moja aliwaona na ndugu zake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 ilifuata mpangilio wa alfabeti kwa nomino, jambo ambalo ni rahisi kwa msomaji wa kawaida, lakini huiweka mapenzi chini ya M, pendo chini ya P na upendo chini ya U. Hapana haja ya kurudi nyuma. Inatosha kila moja ya nomino hizi ielekeze kwa nyingine na kwa kitenzi chao. Aidha, maana ya nia katika mapenzi ipewe namba yake, ikiwa na mfano wake, isichanganywe na maana ya hisia.

Pili, katika ufundishaji. Badala ya kuambiwa kwamba upendo ni safi na mapenzi ni ya mwili, mwanafunzi aelezwe kwamba upendo hutaja sifa au hali, na mapenzi hutaja kupenda kunavyotendeka na kuonekana, na wakati mwingine hutaja nia. Kisha apewe mafungu ya maneno aonyeshe ni nani apendaye na ni nani apendwaye. Zoezi la mapenzi ya Mungu, mapenzi kwa Mungu, mapenzi ya nchi na mapenzi ya mama kwa mwanawe litamfundisha sarufi zaidi ya kanuni yoyote ya kukariri. Mwanafunzi aliyeandika juu ya mapenzi ya mama kwa mwanawe hana kosa. Akipoteza alama kwa hilo, amepotezewa haki yake. Iwapo mwalimu anaona kwamba katika insha fulani upendo lingefaa zaidi, amweleze kuwa ni suala la mtindo na hadhira, na asilihesabu kuwa kosa la maana.

Tatu, katika usomaji wa maandishi ya kale. Kila neno la kundi hili lisomwe kwa kutazama nani anamwandikia nani, katika utanzu gani na katika zama zipi. Muhibu wa mfanyabiashara, mapenzi ya mwenye kuswali na mahaba ya mwimbaji wa taarabu yana jamaa moja, lakini hayakai nyumba moja.

Lugha yenye kitenzi kimoja kwa kupenda na kutaka imewapa wasemaji wake fikra yenye uzito: kwamba kumpenda mtu si kuvutwa tu, bali ni kuamua pia. Neno mapenzi ndilo linaloibeba fikra hiyo kwa ukamilifu, kwa kuwa ndani yake hisia na nia bado zinakaa pamoja. Kulisukumia neno hilo chumbani na kulifungia humo ni kuipunguzia lugha uwezo ambao mababu waliuachia kizazi hiki ukiwa mzima.